Msamba wa Ukutani

Chini ya shule ya tekwondo ya Yeom Sang-du palikuwa na mkahawa wa kuku, na kila siku kuanzia saa tisa alasiri harufu ya mapaja yaliyokaangwa kwa pilipili ilipanda ngazi, ikaingia katika ukumbi wa mazoezi na kuchanganyika na jasho la nyayo za watoto sitini. Wazazi walisema harufu ile inatia hamu ya kula. Sang-du ilimtia kichefuchefu. Alikuwa ameishi na kichefuchefu hicho kwa miaka kumi na minne, jinsi mwingine anavyoishi na sikio linalovuma, na hakuwa amemweleza mtu sababu yake.

Katika mambo mengine yote alikuwa mtu wa kawaida wa mji wa Chuncheon. Alizaliwa mwaka 1965, mtoto wa pili wa karani wa posta. Alianza tekwondo akiwa na miaka saba kwa kuwa alikuwa na pumu, na mama yake alikuwa amesikia kwamba kupiga mateke hufungua kifua. Alipofika miaka kumi na mitano alikuwa na mkanda mweusi. Alipofika ishirini alikuwa mwanafunzi wa historia chuoni, na kifua kilikuwa kimenyamaza. Baada ya jeshi alimaliza shahada yake, akatafuta kazi ya ualimu kwa miaka kadhaa bila kuipata, kisha akarudi kwenye kitu pekee ambacho watu walikuwa tayari kujifunza kutoka kwake. Alikodi ghorofa, akanunua gari dogo la njano la kuwachukua watoto mashuleni, akamwoa mwalimu wa piano aitwaye Mi-ran, wakapata binti wakamwita Ji-won. Angeulizwa anafundisha nini, angejibu kwa uaminifu kwamba anawafundisha watoto kuwasubiri wazazi wao watoke kazini.

Jambo moja tu lilimtofautisha na walimu wenzake wa mji ule: hakumsukuma mtoto yeyote katika msamba. Kwingine mtoto alikaa chini miguu ikiwa imetanuliwa, mwalimu akampandia mgongoni taratibu, mtoto akalia kidogo, na baada ya miezi mitatu akawa anashuka hadi sakafuni kama mkasi uliofunguka. Watoto wa Sang-du walijinyoosha wenyewe, kadiri walivyoweza, na wengi hawakuweza sana.

“Mwalimu Mkuu,” mama mmoja alimwambia siku moja, amesimama mlangoni na mfuko wa vitunguu mkononi, “Ha-eun wangu ana mwaka wa pili hapa. Msamba uko wapi?”

“Utakuja, mama. Mwili una wakati wake.”

“Utakuja lini, akishakuwa bibi? Kule ng’ambo ya barabara mtoto wa dada yangu ana miezi minne tu ya mazoezi, anapasua msamba huku anakula biskuti.”

“Basi huyo ana kipaji.”

“Hana kipaji, ana mwalimu anayemkalia mgongoni. Na wewe mkalie wangu. Nimekuruhusu mimi mama yake.”

Sang-du aliinama kwa adabu na kusema atalifikiria. Mama yule alimhamisha mtoto mwisho wa mwezi. Mi-ran, aliyekuwa akisikia mazungumzo kama hayo mara kwa mara, alimuuliza mumewe mezani, “Baba Ji-won, hivi hasa unaogopa nini? Utavunja mtoto wa watu?”

“Siogopi. Ni njia mbaya tu.”

“Umejuaje ni mbaya, kama hujawahi kuitumia?”

Alijibu kwamba alisoma mahali. Ulikuwa uongo mdogo na ulimtoka kwa urahisi, na urahisi ule ulimchukiza kuliko uongo wenyewe. Hilo ndilo swali alilokuwa amelikimbia tangu ujana wake: umejuaje. Alikuwa amepanga maisha yake yote, kazi na ndoa na hata chakula, ili asije akalazimika kulijibu.

Alijua kwa sababu ya mwaka 1986.

Mwaka ule, akiwa mwaka wa pili chuoni, aliitwa jeshini kama kijana yeyote wa rika lake, akapelekwa katika kombania moja milimani. Huko ilikuwa amri kwamba kila askari apate mkanda mweusi kabla ya kurudi uraiani. Katika ofisi ya kamanda palikuwa na ubao mweusi, na juu yake, kwa chaki, asilimia ya waliofaulu. Kombania yenye asilimia ndogo ilikemewa mbele ya nyingine. Kwa kuwa Sang-du alikuja na mkanda wake tayari, hakupewa koleo wala zamu ndefu za ulinzi: alipewa filimbi, akaitwa mkufunzi. Watu waliolima mashamba na kukarabati viatu, wenye nyonga zilizokwisha kukauka tangu utotoni, walipaswa kurusha miguu hadi usawa wa uso katika muda wa miezi sita. Njia ilikuwa moja na kila mtu aliijua. Kuruta alikalishwa kuelekea ukuta, miguu imetanuliwa. Askari wawili wa zamani walimkandamiza magoti. Mkufunzi alikaa nyuma yake na kumsukuma kiuno hadi tumbo lake lishike ukuta.

Na palikuwa na desturi nyingine. Kuruta akiguswa na mkubwa wake, hata kwa ncha ya kidole, hutamka cheo na jina lake kwa sauti ya juu. Akiguswa mara kumi, atatamka mara kumi. Hatakiwi kusema “aa” wala “mama”. Anasema cheo na jina. Kwa hiyo msamba wa ukutani ulikuwa na kelele za namna moja tu: majina ya watu. Sang-du alijifunza kupima kazi yake kwa kelele hizo. Aliamini, kama walivyoamini wakufunzi wote waliomtangulia, kwamba maadamu mtu anatamka jina lake vizuri, mtu huyo ni mzima.

Bang Hyo-sok alikuwa kuruta mfupi, mtoto wa fundi viatu wa Mokpo, aliyejua kuigiza kuwika kwa jogoo wa kila mkoa, na aliyewachekesha hata maofisa. Nyonga zake zilikuwa ngumu kama mbao. Ilikuwa mwezi wa Desemba, ukuta wa chumba cha kuogea ulikuwa na barafu kwenye pembe. Sang-du alimsukuma, Bang akatamka cheo na jina. Akamsukuma tena, akatamka tena. Mara ya sita au ya saba kitu kiliachia ndani ya paja, kwa mlio mzito wenye unyevu, kama paja la kuku aliyechemshwa linavyochomoka kwenye kiungo chake. Wote wanne waliusikia. Bang alitamka cheo na jina mara moja zaidi, kwa sauti ndogo, ya adabu, kama mtu anayejitambulisha mlangoni kwa wageni.

“Sikusikii,” Sang-du alimwambia.

Bang akarudia kwa sauti kubwa. Na Sang-du, akiwa ameridhika, akamsukuma tena.

Asubuhi yake gari lilimchukua Bang. Mtu alikuja kukusanya mfuko wake, blanketi likakunjwa, na karani wa kombania akapiga hesabu upya kwenye ubao. Kwa kuwa asiyefaulu amepungua mmoja, asilimia ilipanda. Mwisho wa mwezi Sang-du alipewa likizo ya siku tatu kwa kazi nzuri. Alipofika nyumbani mama yake alimchemshia kuku mzima na, kwa mapenzi, akamchomolea paja kwa mikono yake. Sang-du alikimbilia uani kutapika. Mama alisema jeshi limemharibu tumbo.

Hakuuliza Bang alipelekwa wapi. Mwanzo hakuuliza kwa kuwa haikuwa desturi. Baadaye hakuuliza kwa kuwa angeonekana alichelewa kuuliza. Na mwishowe ikawa ni jambo la zamani mno. Alikuwa mtu aliyesoma, aliyejua kuichambua hoja vipande vipande, na aliichambua hii pia, mara nyingi. Kila uchambuzi ulimpa maneno mazuri, na kila mara alijikuta akitazama mikono yake kwa karaha ileile.

Novemba ya mwaka 2009 shirikisho la tekwondo la mkoa lilimtuma, pamoja na mwalimu mmoja mzee aitwaye Maeng, kwenda kuwatahini askari wa kikosi kimoja cha kaskazini. Mtahini aliyepangwa alikuwa mgonjwa. Kwa miaka yote Sang-du alikuwa amekwepa safari hizo kwa udhuru huu na ule, lakini safari hii simu ilipigwa na Maeng mwenyewe, aliyemfundisha teke la kwanza akiwa na miaka saba, na kumkatalia Maeng kulikuwa kama kumkatalia baba mdogo.

Maeng alikuwa na miaka sitini na mmoja, tumbo la mbele na sauti ya muuza samaki. Njia nzima alimenya machungwa madogo na kutupa maganda miguuni.

“Leo kazi nyepesi, mdogo wangu. Askari thelathini na wanane, wanafaulu thelathini na wanane, tunakula, tunarudi.”

“Kaka, bado hatujawaona.”

“Mimi nimewaona miaka ishirini na mitano. Unataka kumwona nani? Ni wale wale, wamebadilishwa vichwa tu.” Alitia kipande cha chungwa mdomoni. “Usinianzishie mambo yako ya chuo kikuu huko. Askari akirusha mguu ukapita kiuno, huyo amefaulu. Ukipita kifua, mpe mkono.”

“Na usipopita kiuno?”

“Basi tunainama kidogo, tunauona umepita.”

Ukumbi wa kikosi ulikuwa umepigwa deki kwa dawa kali, lakini chini ya dawa ile Sang-du aliitambua harufu aliyoiacha jeshini: soksi zilizolowa, mafuta ya kuchua misuli, wali uliochachuka ndani ya ndoo. Ilimpanda kooni kabla hajavua koti. Kapteni Do, kijana wa miaka thelathini aliyejipaka manukato kupita kiasi, aliwakaribisha kwa kahawa ya unga na biskuti katika sahani.

“Walimu, tumewasumbua. Vijana wamejiandaa sana. Kesho kutwa mkuu wa divisheni anatutembelea, na ningependa nimpokee na mia kwa mia.”

“Atapata,” alisema Maeng. “Kahawa tamu.”

Walianza na mfululizo wa mapigo, wanne wanne. Sang-du aliwatazama vijana wale waliovalishwa suti nyeupe za kuazima, zenye madoa ya manjano kwapani, wakirusha mateke kama watu wanaofukuza mbwa jikoni. Mmoja alisahau katikati, akageuka upande usio wake, akagongana na jirani, wakaendelea. Maeng aliandika wamefaulu bila kuinua kichwa. Kila “amefaulu” ilimwongezea Sang-du ladha chungu mdomoni. Mchezo alioupenda akiwa mtoto mwenye pumu, uliompa pumzi, ulikuwa unapigwa mhuri mbele yake kama nyama machinjioni, naye alikuwa mmoja wa wapiga mhuri. Hata hivyo alijiuliza kama karaha ile haikuwa majivuno tu. Wale vijana hawakuomba kufundishwa, na pengine mhuri ndiyo heshima pekee waliyodaiwa.

Wa ishirini na tisa alikuwa kijana mrefu, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa mpira kisogoni. Alipiga mapigo ya mikono kwa usahihi mkubwa kuliko wote waliomtangulia. Lakini ilipofika zamu ya mguu wa kulia aliuinua hadi gotini tu na kuushusha haraka, na alipogeuka aligeuza mwili mzima kwa pamoja, kama mtu anayezungusha kabati ndani ya chumba kidogo. Uso wake ulikuwa na rangi ya uji. Ukumbi ulikuwa wa baridi, na jasho lilikuwa likimdondoka kidevuni.

Sang-du aliujua mgeuko ule. Aliutazama kama mtu anavyotazama mwandiko wake mwenyewe kwenye karatasi ya mtu mwingine.

“Amefaulu,” alisema Maeng, akiandika. “Wa thelathini.”

“Subiri, kaka.” Sang-du aliondoka mezani, akavuka mikeka hadi mbele ya kijana yule. “Mguu una nini?”

“Hakuna kitu, mwalimu.”

Sang-du alipiga goti moja na kuweka vidole vitatu juu ya paja la kulia, kwa ndani, akabonyeza kidogo.

“Kuruta Ki Se-ung,” kijana alitamka kwa sauti iliyojaa ukumbi.

Akabonyeza chini zaidi.

“Kuruta Ki Se-ung.”

Ilikuwa sauti nzuri, kamili, isiyo na ufa. Mtu yeyote katika ukumbi ule angesikia askari hodari. Sang-du alihisi, chini ya vidole vyake, msuli ukitetemeka, na mahali palipopaswa kuwa na kamba ngumu palikuwa na shimo laini. Aliondoa mkono.

“Pandisha suruali,” alisema.

Kijana alimtazama Sajini Pyo, mkufunzi wa kombania, aliyesimama kando na filimbi shingoni. Sajini alicheka kidogo. “Mwalimu, huyo aligonga kitanda. Hawa watoto wa siku hizi wanagonga kila kitu.”

“Pandisha.”

Suruali ilikuwa pana, ilipanda kwa urahisi. Damu ilikuwa imevilia chini ya ngozi kutoka kinenani hadi nyuma ya goti, nyeusi kwa zambarau kama biringanya, na pembezoni ilikwisha kuwa ya kijani. Askari wa mstari wa mbele waligeuza macho. Hawakuonekana kushangaa.

“Hiki si kitanda,” alisema Sang-du.

Kapteni Do alikuja kwa hatua za haraka na kushusha sauti. “Mwalimu, ni kunyoosha viungo tu. Unajua mazoezi. Amevutika kidogo. Bado kuna mapambano na kuvunja mbao, nusu saa, basi. Kesho kutwa, mkuu akishaondoka, nitampeleka hospitali mimi mwenyewe.”

“Akipigana leo msuli utang’oka wote.”

“Niko sawa, mwalimu,” alisema Ki, akitazama mbele. “Naomba niendelee.”

“Huwezi kuendelea. Huna mguu hapo.”

“Mwalimu, nakuomba.” Sauti ilikuwa imeshuka, sasa ilikuwa ya mtoto wa mtu. “Likizo ni ya kombania nzima, tukifaulu wote. Nikiharibu mimi, nalala nao humuhumu.”

Sang-du alitazama mistari ile ya suti nyeupe na kuelewa kwamba kijana alikuwa amefanya hesabu sahihi. Kumtoa kulikuwa kumwokoa mguu na kumwacha mikononi mwa watu thelathini na saba. Kumwacha kulikuwa kumpoteza mguu ili apate amani. Kutoka mezani Maeng aliita, “Mdogo wangu, rudi ukae. Kahawa inapoa.”

Kapteni alikuwa ameanza kukereka. “Na samahani, mwalimu, lakini wewe si daktari. Umebonyeza mara mbili tu, unatuambia msuli umekatika. Umejuaje?”

Kumbe swali halikuja na radi. Lilikuja na harufu ya manukato na kahawa ya unga, kutoka kwa kijana aliyeweza kuwa mpwa wake. Sang-du alikuwa na jibu tayari, lile la miaka yote: nimesoma mahali. Lingetosha, pengine. Baadaye alijiuliza mara nyingi kama lingetosha, na kama alichosema badala yake kilisemwa kwa ajili ya mguu wa Ki au kwa ajili ya tumbo lake mwenyewe, lililokuwa limechoka kushikilia. Hakupata jibu aliloliamini.

“Nimejua kwa sababu nilimfanyia mtu,” alisema. “Mwaka themanini na sita. Nilikuwa mkufunzi kama sajini wako. Nilikaa nyuma yake nikamsukuma ukutani, paja likalia, naye akatamka jina lake. Nikamwambia simsikii. Akatamka tena, nikamsukuma tena. Alichanika hapahapa.” Alionyesha kwa kidole mahali pale ndani ya paja, bila kugusa. “Shimo lilikuwa hivihivi.”

Kisha Sajini Pyo alitabasamu, tabasamu la watu waliokutana ugenini na kugundua kwamba wanatoka kijiji kimoja.

“Ee, basi si unajua, mwalimu,” alisema. “Wewe ni mwenzetu.”

Hakusema kwa dhihaka. Alisema kwa ukarimu. Sang-du alihisi neno lile likimwingia mwilini kama kijiko cha mafuta baridi, na akajua kwamba hana haki ya kulitema. Alimtazama sajini, mashavu yake ya ujana, chunusi mbili kidevuni, na hakumwona mtu mbaya. Alimwona mtu wa miaka ishirini na mbili aliyepewa filimbi.

“Ndiyo,” alisema. “Kwa hiyo najua. Kapteni, sitii saini orodha hii, si ya huyu wala ya yeyote, mpaka gari la wagonjwa lije. Na kama halitakuja, nitampigia simu baba yake.”

“Unatutishia, mwalimu?”

“Ndiyo.”

Kapteni alimgeukia Maeng, aliyekuwa ndiye mkuu wa watahini. Mzee alikuwa amesimama, mikono imeegemea meza, na uso wake mwekundu ulikuwa haumtazami kapteni hata kidogo. Alikuwa akimtazama Sang-du, kwa makini, kama mtu aliyekuta kitu ndani ya chakula chake.

“Ita gari, Kapteni,” alisema hatimaye. “Nilimfundisha huyu tangu ana pumu. Akishang’ang’ania hivi haachi. Ita gari, mtihani tutaupanga siku nyingine.”

“Na mkuu wa divisheni nimwambie nini?”

“Mwambie mtahini alikuwa mshenzi. Si uongo.”

Gari lilichukua dakika arobaini. Muda wote huo askari waliamriwa kukaa mikekani, na walikaa, macho yao yote yakiwa juu ya Ki Se-ung, ambaye alikuwa amelazwa kwenye benchi na koti la Sang-du juu ya miguu. Hakuna aliyesema naye. Mmoja alinong’ona, kwa sauti iliyokusudiwa kusikika, “Mama yangu alishanunua nyama ya kunipokelea.” Mwenzake akamjibu, “Mwambie ailete hospitali.” Wachache walicheka.

Mhudumu wa afya alikuwa mwanamke wa makamo mwenye haraka. Aligusa paja mara moja, akasikia cheo na jina, akamwambia kijana, “Usinipigie kelele, mwanangu, mimi si mkubwa wako. Niambie tu panauma wapi.” Ki alifungua mdomo na kuufunga. Mhudumu akamgeukia Sang-du. “Siku ngapi hii?”

“Sijui. Kwa rangi, siku tano. Sita.”

“Siku sita anatembea nayo.” Alisonya. “Atapasuliwa. Kurudi kama zamani, sikuahidi.”

Makuruta wawili waliamriwa kumwinua. Kwenye kizingiti cha mlango walielemewa, na Sang-du akasogea kumshika kijana chini ya kwapa. Ki aligeuza uso. Miwani ilikuwa imepanda paji la uso, na macho yake, bila vioo, yalikuwa madogo na makavu.

“Tafadhali usiniguse, mwalimu,” alisema.

Alisema kwa upole, bila cheo wala jina. Sang-du alirudisha mikono yake nyuma na kusimama kando ili wapite. Gari likaondoka na koti lake.

Waliteremka mlimani bila kula. Maeng ndiye aliyeendesha, kwa kuwa Sang-du alikuwa amempa ufunguo. Mfuko wa machungwa ulikuwa kati yao, mzee hakuugusa wala hakumkaribisha. Walipita vituo viwili vya ukaguzi, mashamba ya mpunga yaliyovunwa, kijiji chenye kabichi zilizopangwa nje ya kila mlango zikisubiri kutiwa chumvi kwa ajili ya majira ya baridi.

“Yule wako,” Maeng alisema ghafla. “Wa themanini na sita. Aliitwa nani?”

“Bang Hyo-sok.”

“Akaishia wapi?”

“Sijui, kaka.”

“Hujui. Alitembea tena?”

“Sijui.”

“Miaka ishirini na mitatu.” Maeng alibadilisha gia. “Hukuuliza?”

“Sikuuliza.”

Mzee alitikisa kichwa polepole, mara moja. Sang-du alingoja matusi. Angeyapokea kwa shukrani. Maeng hakutukana. Alinyoosha mkono mlangoni, akazungusha kishikio na kushusha kioo cha upande wake hadi chini, kama afanyavyo mtu anayesafiri na kitu kilichooza ndani ya gari. Upepo wa Novemba ukaingia, ukapeperusha maganda ya machungwa sakafuni, ukampiga Sang-du kifuani, aliyekuwa na shati tu. Ulikuwa ni mwendo wa zaidi ya saa moja kufika Chuncheon. Maeng hakukipandisha kioo, na Sang-du hakumwomba akipandishe.